Macho ya Madoadoa

Daktari, mtu wa hasira za karibu, aliona nzi wa matunda wenye macho mekundu yaliyojaa madoa meupe, akamfokea fundi wake, mwanamama aliyeichekesha maabara nzima: "Dada, umechanganya chupa za nzi!"

"Haki ya Mungu, sijachanganya."

Hakutaka kusikia. Aliwamwaga nzi kwenye spiriti, kisha akamhamisha fundi kwenda stoo, kugawa chupa na vifaa.

Miaka saba baadaye macho yale yalijitokeza tena, ndani ya chupa alizozifunga daktari kwa mkono wake mwenyewe. Akachunguza. Jeni ya rangi ya macho ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa imehama tu kwenye kromosomu, ule uzi unaobeba jeni, ikaangukia sehemu iliyosokotwa kwa kubana, na huko ikazibwa mdomo katika seli nyingi za jicho, zikabaki nyeupe.

Alishuka stoo mbio kuomba radhi. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, bila tabasamu.

"Unahitaji chupa ngapi, daktari?"