Mjane Aliyepewa Mume na Mashine

Jhamku alikuwa na miaka mitatu ya ujane. Asubuhi aliyokwenda kuandikisha shamba la marehemu, mashine ya serikali ikampa mume.

"Mama, wewe si mjane," alisema karani Ratan, miwani ikining'inia puani. "Umeandikwa una mume, na yu hai."

"Yu hai? Basi mwambie arudi, paa linavuja."

Wanawake wa kwenye foleni wakacheka ndani ya shungi zao. Ratan hakucheka. Aligeuza kioo cha kompyuta upande wa Jhamku, kana kwamba bibi wa watu kasoma, akagonga kwa kidole. "Huyu hapa. Hukmaram."

Kicheko kikakatika kama uzi. Hukmaram alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu.

"Na shamba?" Jhamku akauliza.

"Marehemu kaandikwa kafa bila mke wala mtoto. Limekwenda kwa ndugu yake."

Shamba lenyewe halikuwa la kumringia mtu. Kipande cha mchanga nyuma ya kisima, cha uwele na kunde. Lakini ndicho kilichomlisha, na mvua zilikuwa siku chache tu mbele. Asiyekuwamo kwenye mashine hapewi mbegu, na akilima, amelima cha mwenzake.

Lilivyotokea ni hivi. Kwao mke hataji jina la mumewe, maana kulitaja ni kumpunguzia siku za kuishi. Miaka thelathini na mmoja Jhamku hakulitamka. Alipomtaka mumewe kutoka shambani aligonga mfuniko wa sufuria: mara mbili, chakula, mara tatu, mgeni, akigonga bila kupumua, basi ng'ombe wa jirani wameingia kwenye uwele. Na mume aliitika vizuri kuliko wengi wanaoitwa kwa majina.

Mwezi mmoja baada ya msiba, watu wa mashine walikuja kijijini wakatandaza meza chini ya hema. Ofisa akauliza, "Jina la mume?" Jhamku akavuta ushungi hadi kidevuni. Mume kafa, ndiyo, lakini mdomo haukuwa umeambiwa. "Shemeji, nisemee," alinong'ona. Hukmaram akamwinamia ofisa sikioni, akasema alilosema. Kesar, mkewe Hukmaram, alikuwa ameketi ubavuni mwa Jhamku, kamshika mkono. Ofisa hakumsomea Jhamku alichoandika. Alimwonyesha tu pa kuweka dole gumba, naye akaweka.

Sasa, mbele ya Ratan, Jhamku akaelewa. Alisukuma ushungi nyuma. "Pusaram," akasema. Kisha kwa nguvu, hadi nje wakasikia: "Mume wangu ni Pusaram!"

Foleni nzima ilishika midomo. Ratan akakuna kichwa. "Nimekusikia, mama. Lakini mashine haina masikio. Nikitaka kurekebisha, inatuma namba sita za siri kwenye simu iliyoandikwa hapa. Nisiposomewa namba hizo, siwezi kugusa kitu."

"Simu ya nani?"

Ratan alitazama meza. "Ya mumeo."

"Mashine yenu inamlinda mwizi asiibiwe," alisema Jhamku. "Haya, nitolee karatasi. Nisomee yote, usiruke hata nukta."

Ratan akamsomea mara mbili.

Jhamku alimkuta Hukmaram nyumbani kwake, juu ya kitanda cha kamba, anapuliza chai kwenye kisahani. Kesar alikuwa jikoni, hatua tatu kutoka hapo, anakanda unga wa uwele.

"Karibu, shemeji!"

"Shemeji ni nani? Mimi nimekuja kwangu. Sogea, mume wangu, nikae."

Hukmaram alicheka, maana utani wao ulikuwa wa siku zote. Kisha akaiona karatasi. "Aa, hizo mashine bwana! Zinakosea sana."

"Mashine haikukujua, ulijitambulisha mwenyewe."

Alimwacha aangalie chai yake, akamgeukia Kesar. "Mdogo wangu, siku ile ulikuwa karibu kuliko ofisa. Ulisikia?"

Kesar aliendelea kukanda. "Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Tuna watoto wanne, dada. Wewe huna. Tulisema, kula si utakula kwetu tu?"

"Na mkono ulinishikia nini?"

Unga ukatulia. "Usije ukasimama," alisema Kesar.

Jhamku hakuwahi kukosa neno la kuchekesha, hata msibani. Alilitafuta, hakulipata. Wawili hawa walisaga kwa jiwe moja tangu wakiwa maharusi. Watoto wawili kati ya wale wanne aliwapokea yeye kwa mikono yake, mmoja akiwa amezungukwa na kitovu shingoni. Na joto la ule mkono ndilo lililomvusha mwezi ule. Wizi wa Hukmaram ulikuwa wizi, watu huibiwa. Huu wa Kesar hakuujua jina lake.

Akaikunjua karatasi kwenye paja. Hakuweza kuisoma, lakini alikuwa ameishika yote kichwani.

"Mashine humpa mwanamume mke mmoja," alisema taratibu. "Mke wa Hukmaram ni Jhamku. Watoto wanne, mama yao Jhamku. Sasa uliza, mdogo wangu, wewe umeandikwa nani."

Kesar alimtazama mumewe. Hukmaram akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda.

"Mwambie mwenyewe, mume wangu. Unaona haya? Basi. Umeandikwa mtumishi, Kesar. Mtumishi wa ndani. Siku mume wangu huyu akifa, huna nyumba."

Kesar hakupiga kelele. Aliinuka, mikono myeupe kwa unga hadi viwikoni, akaichomoa simu kwenye mfuko wa shati la Hukmaram, akatoka. Hukmaram aliita, "Wee! Wee mama watoto!" lakini alikuwa amevaa kiatu kimoja.

Njia ya kwenda kwa Ratan ilikuwa pana kiasi cha kupita gari la ngamia. Jhamku alishika ukingo mmoja, Kesar akabaki kwenye ukingo wa pili, simu kaikumbatia kifuani.

"Dada," Kesar aliita kutoka upande wake. "Sikujua kama na mimi…"

"Ungejua, ungesimama?"

Kesar alipangusa unga kwenye simu. Walitembea hadi kisima kikawa nyuma yao.

"Utanisamehe?"

"Ratan anafunga saa kumi," alisema Jhamku bila kugeuka. "Kaza mwendo."