Ukanda Unaoning'inia

“Unajua kuogelea, mama?” Ilukor aliuliza.

“Sijui.”

“Hata kidogo?”

“Si nimekwambia sijui? Ndiyo maana nimetafuta mwalimu.”

Ilukor alikuna kichwa. Walikuwa wamesimama kwenye nyasi kando ya mto Malaba, pale maji yanapotulia kabla ya kuanza kugombana na mawe, na katikati yao kulikuwa na kayaki ya buluu, mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja, yenye mikwaruzo tumboni. Kule Jinja anakofanya kazi ya kuwapitisha watalii kwenye maporomoko, wanafunzi wake ni vijana wenye miwani ya jua. Huyu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, leso kiunoni, sindano ya kushonea turubai imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa.

Mama huyo, Selpha, alikuwa amemsaka mtu wa namna hii kwa muda mrefu. Aliwauliza madereva wa malori huku akiziba turubai zao kwenye foleni ya mpakani, wakacheka. Akawauliza watu wa boda; wakamwelekeza kwa fundi wa pikipiki, maana ukitaja kayaki pale mjini watu hudhani ni pikipiki mpya kutoka India. Rafiki yake Akurut, muuza chai, hakucheka. “Dada, mto ulishakula mtoto,” alisema, “sasa unataka uuongezee mama?” Lakini ni Akurut huyo huyo aliyemletea habari kwamba kijana mmoja, Ilukor, amekuja nyumbani likizo, na kazi yake ni hiyo.

Mtoto aliyeliwa na mto ni Egesa, kitindamimba wa Selpha. Kayaki hii ya buluu aliipata kwenye mitumba upande wa Uganda. Akatafuta mafunzo ya wanaoanza, Malaba, Busia, hadi Nambale, akakosa, basi akajifundisha kwa video za simu. Mvua za Aprili zilipoufurisha mto, akaingia kwenye mawe. Wachota mchanga walisema kayaki ilipinduka na yeye hakutoka. Walimkuta kwenye mafunjo, kiuno bado kimefungwa ndani ya kayaki.

Walimzika kwao Nangina. Waliosimama kusema matangani, huyu alisema ni ujana, yule akasema ni ukaidi, mwingine akayasingizia mapepo ya mto. Selpha alisikiliza yote, asiridhike na lolote. Alibaki na swali moja lililomnyima usingizi: mwalimu angekuwepo, angemwambia mwanangu nini?

“Nifundishe kama unavyofundisha mtu ambaye hajawahi kabisa,” alisema sasa. “Usiruke kitu. Nataka nijue ni kitu gani Egesa hakufundishwa.”

“Sawa. Lakini leo hatuingii maji. Leo ni hapa kwa nyasi.” Ilukor alichutama kando ya kayaki. “Lesson ya kwanza si kupiga kasia, mama. Ni kutoka.”

“Kutoka wapi?”

“Kutoka ndani, ikipinduka.” Alifungua begi la Egesa alilolileta Selpha, akatoa sketi nzito ya raba. “Hii unavaa kiuno, halafu ukingo wake unaziba mdomo wa kayaki ndio maji isiingie. Ukishafunga, uko ndani kama chai kwa thamosi. Sasa imepinduka, kichwa iko chini ya maji. Usipaniki. Hapa mbele kuna ukanda unaning'inia. Unashika, unavuta, sketi inafunguka, unatoka. Huo ukanda ndio mlango yako. Hiyo kitu nafundisha watu mpaka wananichukia.”

Kidole chake kilitembea kwenye ukingo kikitafuta. Kikarudi nyuma. Kikasimama juu ya mshono.

Selpha hakuhitaji kutazama. Siku moja kabla ya ajali, Egesa aliileta sketi ile nyumbani ikiwa imechanika ubavuni. “Mama, nishonee, kesho naingia maji,” Egesa alimwambia, naye akaishona jioni ile ile kwa uzi wa nailoni. Alipokuwa akimaliza, akaona ukanda mwekundu unaning'inia mbele, hauna kazi. Fundi wa turubai haachi kitu kikining'inia. Ukanda uliolegea hunaswa na matawi barabarani na kuirarua turubai nzima; hilo kila fundi wa Malaba analijua. Akaukunja kwa ndani, akaushonea chini bapa, uzi mara mbili, akaipenda kazi yake. Asubuhi Egesa aliitia sketi begini bila kuikunjua, akamwambia asante fundi wangu, akatoka mbio.

“Nani alishona hapa?” Ilukor aliuliza.

“Fundi mmoja wa turubai,” Selpha alisema. “Pale kwa foleni.”

Ilukor alijaribu kuung'oa mshono kwa ukucha, akashindwa. “Huyo ni fundi kweli. Hii uzi haiwezi toka.”

Hapo Selpha aliketi kwenye nyasi, leso mdomoni, akalia kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia. Ilukor alimtazama, akaitazama sindano kichwani mwake, akaelewa. Aliiweka sketi chini taratibu.

“Mama, pengine hata kama ukanda ungekuwa…” alianza. Kijana wa watu hakujua kudanganya.

Kilio kilipopungua, Selpha alichomoa sindano, akaivuta sketi mapajani na kuanza kufumua. Alikawia. Uzi ulikataa, maana aliushona vizuri. Mwishowe ukanda ukaachia, ukaning'inia.

“Nisaidie kuingia,” alisema.

Ilukor alimsaidia kuketi ndani ya kayaki pale pale nyasini, akamfunga sketi. Selpha alifumba macho, akapapasa mbele, akashika ukanda, akavuta. Sketi ilifunguka mara moja.

“Hivyo tu?”

“Hivyo tu, mama.”

Aliirudishia. Akavuta tena. Ng'ombe waliletwa mtoni wakanywa, wakaondolewa, naye bado anafunga na kufungua.

“Inatosha, mama,” Ilukor alisema kwa upole. “Ushajua.”

Selpha alirudisha ukingo mahali pake, akaukaza pande zote. Akafumba macho tena, akabana pumzi, na mkono wake ukaanza kuutafuta ukanda.