Nimesema Kumi na Moja

...kumi na moja, nimesema kumi na moja, na yule binti kaniamini, kageuka na misuko yake ikageuka naye, kaingia nyuma ya pazia la stoo, na mimi nimebaki hapa kwenye kiti cha mahameli na soksi zangu, najiuliza mdomo huu ni wa nani, maana sikuutuma, umefunguka wenyewe, kama gari linalojua njia ya kwenda kazini hata dereva akiwa anasinzia, kumi na moja, we Verlene, binti Ozella, mwanamke mzima unayekaribia sitini, umeendesha kutoka upande wa mashariki wa Detroit mpaka barabara ya Livernois, kwenye duka linalouza viatu vya wanawake wenye miguu mikubwa na si kingine, duka ambalo namba kumi ndiyo ndogo kuliko zote, umekuja mpaka hapa kusema uongo ule ule... na wala hakuniuliza kwa ubaya, Jonelle, jina lake kalibandika kifuani, aliniuliza kwa upole, "Unavaa namba ngapi, mama?" kama mtu anayekuuliza utakunywa maji au soda, na mimi nikatazama chini, nikavuta vidole ndani ya soksi, nikajibu, na sasa namsikia huko nyuma anasogeza maboksi, anaimba kidogo, hana haraka, na jua la mchana limeingia kwa kioo cha mbele likapanda rafu taratibu, viatu vimesimama kimoja kimoja juu ya visigino vyao, vyekundu, vya dhahabu, vyenye mawe ya kumetameta, na nikifumba macho nusu vinaanza kuelea, vinatembea hewani bila watu, vinakwenda zao dansini...

"Kumi na tano, mpenzi, na kisigino kiwe kirefu mpaka niione Kanada ng'ambo ya mto bila kwenda mtoni," anasema Bi Fontaine, ndivyo Jonelle alivyomwita alipoingia, yuko kwenye kiti cha pili kutoka changu, mabega mapana, kucha za rangi ya machungwa, sauti nzito ya wale wanaosimama safu ya nyuma kwaya ikiimba, na kwenye kipochi kafunga kitambaa cha hariri, anampigia kelele Jonelle kupitia pazia kana kwamba yuko jikoni kwake, kumi na tano, kaisema wazi mchana kweupe, na dari haikuanguka, hakuna aliyecheka, mama mmoja pale mlangoni hata shingo hakugeuza, na mimi mwenye kumi na tatu, kumi na tatu tu, mdogo wake kwa namba mbili, nimekaa hapa nimeficha miguu chini ya kiti... na hiki kiatu cha kuonyeshea kiko mapajani mwangu, nilikitoa rafuni mwenyewe, kijani cha chupa, mahameli, kisigino chembamba, mkanda mdogo wa kuzunguka kifundo, nimekishika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ambebe kidogo, nimezoea maduka mengine ambako cha kuonyeshea huwa namba sita, unakigeuzageuza kama cha mwanasesere, unauliza, muuzaji anakwenda nyuma hata hatafuti, anakaa kidogo, anarudi, "Samahani mama, hiyo namba hatuna, ila tunavyo hivi," na hivi ni vile vyeusi, butu, vya muuguzi wa zamu, kana kwamba mguu ukishapita namba kumi Mungu anakupokonya na hamu ya kupendeza, na mimi huvinunua, nashukuru juu yake, naviweka kabatini na vile vingine, vile vizuri vya kumi na moja vinavyonitafuna, ninavyovaa kutoka garini mpaka kitini na kutoka kitini mpaka garini... lakini si uongo mtupu, kiwandani buti zangu ni kumi na moja, kumi na moja ya kiume, ambayo ndiyo kumi na tatu ya kike, miaka yote hiyo ninakagua milango ya magari inapita mbele yangu, mguu wangu umelala ndani ya buti ya mwanamume kwa raha zake, haudai neno, ukitaka mguu wangu upumzike lazima niwe kazini, haya, hebu niambie...

na Jumamosi inakuja, Jumamosi na dansi kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, meza zimetandikwa karatasi, kambare wa kukaanga, pai ya viazi vitamu ya dada yake mchungaji, na Lucius na suti yake ya kijivu, Lucius mfupi, mstaafu wa posta, mgane, nami mjane, ambaye kichwa chake kinanifika begani, akanijia mara ya kwanza akasema, "Verlene, usiniinamie, vaa kisigino chako uje, mimi sijawahi kuogopa kutazama juu, hata kanisani ndiko ninakotazama," na watu wa mezani wakacheka mpaka dada yake mchungaji akapaliwa, na anajua kuongoza huyu mtu, mkono mgongoni mwako hausukumi, unakukumbusha tu, unageuka kabla hujaamua kugeuka, taa zinazunguka na wewe unazunguka na kwa muda unasahau una uzito... halafu wimbo wa pili unakwisha na vidole vyangu vinawaka moto, vimekunjwa ndani ya kumi na moja, na ninamwambia, "Nasikia joto, Lucius, acha nikae," na nakaa, na namwangalia anacheza na Maybelle, ambaye miguu yake ni ya njiwa na kichwa chake vilevile, na Jumamosi iliyopita akanifuata mpaka kwenye gari, kofia mkononi, hakuwa anacheka, akasema, "Kama hunitaki niambie, mimi mtu mzima, nitaelewa, lakini usinipe tena habari za joto, ukumbi una feni nne," na mimi badala ya kusema miguu, Lucius, ni miguu, ninakupenda ila miguu inaniua, nikasema, "Kwani mtu haruhusiwi kusikia joto?" nikafunga mlango... kwa nini, neno moja tu, mguu, kila mtu anao, ningemwambia nina sukari au presha lingetoka bila shida, na hili linakwama, na Jumamosi hii nikikaa tena baada ya wimbo wa pili hatanifuata kwenye gari, najua, mwanamume yeyote ana mwisho wake, naye ndiye ninayemtaka...

"Jonelle, umelala huko au umeolewa?" anaita Bi Fontaine, na kutoka nyuma ya pazia, "Nakuja, Bi Fontaine, vya kwako viko juu kabisa, napanda ngazi!" na Bi Fontaine anacheka, ananigeukia, "Vitu vizuri viko juu kila siku, shosti, si ndiyo?" na ninasema ndiyo, ninatabasamu, na vidole vyangu vinapapasa mahameli ya kiatu, ukipapasa huku yanakuwa meusi, ukipapasa kule yanakuwa kijani, meusi, kijani, kama maji ya mto ule mdogo nyuma ya nyumba ya bibi kule Misisipi ambayo sijapata kuyaona, ninayajua kwa masimulizi ya mama tu, mama akiwa ameloweka miguu kwenye beseni jioni na chumvi ya kuogea, mimi mdogo nimekaa sakafuni na taulo, ninaangalia vidole vyake vilivyopandana, cha pili kimelala juu ya gumba, na wembe uko pembeni, alikuwa anakata ubavu wa kila kiatu kipya ili kifundo cha gumba kipumue, kiatu kizuri kinaletwa nyumbani na siku hiyo hiyo kinatobolewa dirisha, na nikamuuliza mama kwa nini vidole vyako vinagombana, akasema, "Nilivigombanisha mwenyewe," akasimulia, kule kwao dukani Mweusi haruhusiwi kujaribu kiatu, maana akishatia mguu Mzungu hakinunui tena, kwa hiyo unasimama nyumbani juu ya karatasi ya mfuko, mama yako anazungusha penseli, anakata, unampelekea mwenye duka huo mguu wa karatasi, na mwaka mmoja mwenye duka akaunyanyua juu mguu wa karatasi wa mama, mama kasimama palepale, kashika kidole cha bibi, akawaonyesha wanaume waliokaa wakinywa soda, akasema, "Jamani, huu ni mguu wa mtoto wa kike au ramani ya kaunti?" na wakacheka, wakacheka sana, mmoja akajipiga paja, na bibi akacheka nao kidogo, kwa sababu ilibidi, na hicho kicheko kidogo cha bibi ndicho mama hakukisahau, mwaka uliofuata akasema ninajichora mwenyewe, akainama, akaingiza penseli chini ya mguu, ndani, ndani kabisa, akachora mguu wa mtoto mwingine, mzuri, mdogo, na vile viatu vilipokuja akavivaa... akavivaa maisha yake yote, tunaweza kusema, akahama navyo mpaka Detroit, akazaa navyo, na mara ya kwanza aliponipeleka mimi duka kubwa la mjini, tukipanda lifti, mimi miaka kumi na miwili na tayari namzidi urefu, akaniinamia sikioni, harufu ya poda na peremende, akasema, "Akikuuliza, sema kumi na moja," bila kusema kwa nini, akanibana mkono, na nikasema...

na mwaka huu, theluji bado iko chini, mama akatutoka, tukafungua kabati lake tukakuta boksi, viatu vyeupe vya kanisani, visigino vya kuchongoka, upinde mdogo mbele, kumi na moja, havijawahi kugusa ardhi, na juu ya kifuniko kaandika kwa mkono wake kwamba hivi ndivyo atakavyozikwa navyo, na mtu wa mazishi, kijana mwenye adabu sana, akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama yangu, itabidi tuvikate kwa nyuma, jeneza litafunguliwa nusu ya juu tu, hakuna atakayeona," na nikasema vikate, ningesema nini, vikate, na akaenda huko mama, mbinguni, ambako wimbo wa kanisani unasema watakatifu wamevaa viatu na wanatembea kila mahali, akaenda na viatu vilivyopasuliwa kisigino ili tu asiambiwe mguu wake ni mkubwa, na nani angemwambia, nani huko, wale wanaume wa soda? Ninamwonea uchungu, si marehemu, ni yule mtoto aliyeinama na penseli, natamani nipige magoti mbele yake niizuie ile penseli, niseme nje, mpenzi, zungusha kwa nje, mguu wako ndio uliokuleta...

na sijui ni saa ngapi soksi imetoka, iko mkononi, mguu wangu wa kulia uko wazi juu ya zulia la duka mbele ya watu, mrefu, mweusi, na ile sugu yake, na kiatu cha kijani kiko chini, na ninautia, polepole, nikingoja maumivu mahali pale ninapopajua, pale ubavuni, pale kisiginoni, nangoja, na hayaji... kimekaa kimya, sikujua kiatu kinaweza kukaa kimya, vidole vimelala kila kimoja mahali pake kama watoto baada ya kuoga, ninasimama kwa mguu mmoja, ninapanda, na ghafla niko juu, naona mpaka ng'ambo ya barabara, naona sehemu ya juu ya rafu ambako hakuna aliyepangusa vumbi, na mkono usiokuwepo uko mgongoni mwangu, haunisukumi, wimbo wa pili unakwisha, wa tatu unaanza, na sisikii joto, Lucius, sisikii joto lolote... ninakaa, ninakivua, ninakigeuza, na kwenye soli imepigwa chapa, kumi na tatu, dhahabu, herufi nzuri kama za kadi ya harusi, haina aibu hata chembe, kumi na tatu, na ninaweka mguu mtupu juu ya zulia, ni lile zulia linaloshika alama ya kidole, na ninainama, mgongo unalia kidogo, ninazungusha kidole changu kuanzia kisiginoni, kwa nje, nje kabisa, nafuata sugu, nazunguka gumba, sikati kona, ninarudi kwa upande wa pili, na ninanyanyua mguu na ule mchoro unabaki, mkubwa, mzima, na Bi Fontaine anautazama, hacheki, anainua nyusi, anasema tu, "Mmh. Huo mguu umesimama"...

"Mama!" Jonelle anaita nyuma ya pazia, na sauti yake ina furaha ya kweli, mtoto wa watu, "Una bahati wewe! Jozi ya kijani ya kumi na moja imebaki moja tu, nakuletea sasa hivi!" na ninamsikia anashuka ngazi, na mdomo unaanza kufunguka ile njia yake, asante mwanangu, ndilo neno linalokuja, asante, nilipe niondoke, na poda na peremende ziko sikioni, mkono umenibana, mama, niachie kidogo, mama, hapa hakuna soda...

"Hapana, mwanangu," nasema. "Nilikosea. Kumi na tatu."

"Unasemaje, mama? Sikusikii huku!"

"Paza sauti, shosti," anasema Bi Fontaine, anajipepea na kitambaa chake. "Stoo iko mbali."

"Kumi na tatu," nasema, huku navuta na soksi ya kushoto, na sauti inatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka yule mama wa mlangoni anageuza shingo, na miguu yangu yote miwili iko nje, mitupu, juani.