Jicho la Murielle na Boksi la Barafu

Marcellin alikuwa na imani mbili: Mungu yuko mbinguni, na chochote kinachotaka kukaa zaidi ya siku moja kikae kwenye barafu. Aliuza samaki katikati ya jiji la Johannesburg, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia hata kichwa cha samaki kwa kuoza. Kwa hiyo alipopigiwa simu kwamba upasuaji wa mkewe umeahirishwa kwa kuwa daktari anaumwa, swali lake lilikuwa moja tu: jicho mmeliweka wapi?

Jicho lenyewe halikuwa jicho. Murielle ni msusi, na mwaka uliopita dawa ya kulainisha nywele ilimrukia jicho la kulia, likabaki linaona ukungu mtupu. Tangu hapo Marcellin hakutembea tena kuliani kwake. Alikaa kushoto, aonekane. Madaktari walichukua chembe ndogo kutoka jicho la kushoto, lililo zima, wakaikuza katika maabara ya Braamfontein hadi ikawa utando mwembamba wa seli, wa kupandikiza kwenye lile lililoungua. Kuchukua mara ya pili hawakuthubutu, wasije wakaharibu na jicho zima. Utando ulikuwa huo mmoja.

"Uko salama," sauti ilimjibu. "Uko kabatini, kwenye joto la kawaida la chumba."

Marcellin akakata simu. Muda si muda alikuwa ndani ya teksi, boksi la barafu mapajani, maji yakimdondokea abiria wa jirani.

Mlangoni mwa maabara alimkuta Nassir, mtaalamu wa hapo, mtu wa Tanga mwenye kipara na maneno mengi.

"Jicho ya bibi yangu munaiacha tu mu kabati sawa mukate?" Marcellin alifoka kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Nimeleta barafu. Weka humu!"

Nassir alinusa boksi. "Shemeji, humu alilala nani?"

"Makrele. Lakini nimeosha!"

"Eish! Dada Murielle ana kazi."

Hata hivyo alimkalisha mbele ya skrini ya darubini. "Samaki wako amekufa, shemeji. Barafu inamzuia asioze, basi. Hizi seli zi hai. Tumezijaribu: kwenye friji nyingi zinakufa, kwenye joto kali zinamaliza chakula zinachoka. Kwenye joto la chumba zinatulia, zinasubiri. Wewe unahifadhi maiti. Mimi nalea."

Marcellin akatazama. Seli zilikuwa zimebanana bila pengo, kama wapangaji wa ghorofa lao kule Berea. Machozi yalimlenga. Kumbe Murielle alikuwa hapo, mzima, na yeye amekuja kumgandisha kwa mapenzi.

"Zitangoja daktari apone?"

"Zitangoja. Wewe je?"

Alirudi na barafu yake, imeyeyuka nusu.

Daktari alipona, upasuaji ukafanyika. Wiki kadhaa baadaye, kliniki, Murielle aliziba jicho la kushoto kwa kiganja, akamtazama mumewe kwa lile la kulia.

"Harufu nilikuwa naijua," alisema. "Hizi mvi ndizo jicho hili halikuambiwa."

Marcellin alicheka mpaka akajifuta macho. Walipotoka barabarani, miguu yake ilijipeleka yenyewe kushoto kwa mkewe, kama kawaida. Murielle akamshika mkono wa shati, akamvutia kulia.

"Kuya huku," alisema. "Upande huu nilikukosa sana."