Sabini kwa Sabini

Sonara Wesonga aliiweka sarafu kwenye mizani pamoja na kikasha chake cha plastiki, akatikisa kichwa, akaiondoa. "Mzee Ofwono, mimi sipimi plastiki."

"Usipime. Soma!" Ofwono aligonga kikaratasi kilichofungiwa ndani ya kikasha. "Sabini kwa sabini. Hakuna alama ya ubora inayozidi hapo."

Wesonga akasoma, kisha akataja bei ileile anayotoa kwa sarafu yoyote ya fedha yenye uzito wa aunsi moja. Ilikuwa theluthi ya bei waliyonunulia.

Awor, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Kisoko, alikuwa ameketi mlangoni, mkoba wenye sarafu nyingine kumi na moja ukiwa mapajani. Sarafu zile ndizo zilizokuwa akiba ya kununulia mashine yao ya kusaga. Miaka mitatu walikuwa wamejinyima ili waachane na kinu cha mtu aliyewatoza atakavyo.

Ofwono akatoka hadi barazani, akapaza sauti. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua. Hakumaliza darasa la sita, lakini alikuwa amesoma kila gazeti lililofungiwa maandazi, na kati ya Tororo na mpaka hakuna mnunuzi wa mazao ambaye hakuwahi kuogeshwa maneno yake. "Njooni muone! Wanatushusha daraja tena!" Wabadilisha pesa wakasogea, waendesha bodaboda wakazima pikipiki. Akawasimulia habari za baba yake, mwaka wa sabini na mbili: pamba nyeupe kama povu la sabuni, karani akaitupia jicho mara moja tu, akaiita fifi, daraja la chini. Baba alirudi nyumbani na malipo ya fifi. Ndipo Ofwono, mtoto wa miaka tisa, alipoapa kwamba watu wake hawatashika tena kitu cha daraja la pili.

"Wape, mzee!" mwendesha bodaboda mmoja akapiga honi.

Wesonga akatoka na meza yake ndogo. "Pamba fifi ina taka na madoa, unaiona kwa macho. Basi na hii nionyeshe tofauti yake." Akaweka sarafu mbili tupu, za mwaka uleule na picha ileile. "Hizi hazina alama. Mama, nivunje kikasha kimoja?"

"Ukivunja, alama inapotea!" Ofwono alifoka.

"Kwani alama inakaa kwenye fedha au kwenye plastiki?" Awor aliuliza. "Vunja, fundi."

Koleo likabana, plastiki ikalia. Wesonga akazichanganya sarafu tatu ndani ya kitambaa, akazipanga mezani. "Chagua sabini yako."

Ofwono akainama. Akazigeuza, akazielekeza juani. Jasho likamtiririka puani. Hatimaye akagusa ya katikati.

"Pengine ndiyo," Wesonga alisema. "Hata mimi sijui tena."

Kicheko kikalipuka barazani. Wesonga hakucheka. "Wakusanyaji wapo, huko mbali, wanaolipia kikaratasi kile. Lakini sarafu hizi zilipigwa chapa kwa maelfu na mashine mpya, na nyingi hutoka bila mkwaruzo. Mimi nanunua niyeyushe. Kama mna simu zao, wapigieni."

"Simu zao hatuna," Awor alisema. "Tuna mahindi." Akainuka, akaingia dukani na mkoba wake, Wesonga akamfuata na koleo.

Kumbukumbu ya Ofwono, ambayo haikuwahi kumsamehe mtu, ikamgeukia mwenyewe. Ikamrudisha kwenye mkutano wa kanisani, siku alipowashawishi akina mama wanunue sarafu zenye alama, Awor akiwa amesimama: "Kwa bei ya moja tutapata tatu za kawaida. Uzito si ni uleule?" Naye, mbele ya wanawake arobaini, akamtupia jicho mara moja tu, akajibu: "Mama huyu amezoea fifi." Wakacheka. Awor akaketi, akazikunja leso zake upya, ingawa zilikuwa zimekunjwa.

"Endelea, mzee!" yule wa bodaboda alidai. "Nani aliwaibia?"

Ofwono angeweza kumtaja muuzaji wa Kampala aliyewauzia sarafu. Angeweza kuitaja serikali, wangemshangilia. Dukani vikasha vilikuwa vikipasuka, kimoja baada ya kingine.

"Mama aliye humo ndani," alianza, "alituambia kabla hatujanunua. Mimi ndiye..."

"Sauti, mzee!" mtu akaguta. "Huku nyuma hatusikii!"