Rejista ya Nyumba Tisa

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Mwalimu Kuluthum alikunja buibui hadi magotini, akavuka maji ya ziwa yaliyokuwa sebuleni kwake, barazani na njiani, akapanda kutoka Kihoto hadi mjini Naivasha kujaribu kuandikia mkahawani. Nyumbani alikuwa ameshindwa. Meza ilikuwa inaelea. Aliifunga kwa kamba dirishani, lakini bado ilizunguka, na hakuna anayeandika mwandiko wa maana meza ikizunguka. Tena majirani wote wa njia yao walikuwa wamehama, nyumba nane, akabaki yeye. Kimya kilimsumbua kuliko mbu.

Alichokuwa anaandika ni rejista. Afisa mmoja wa mambo ya ardhi, Bwana Kabiru, aliwaambia kwamba kwenye ramani yake pale hapajawahi kuwa na nyumba, ni ziwa tangu hapo. Mtu akithibitisha kwa maandishi kabla ya Ijumaa jioni kwamba njia ile ilikuwa na watu, basi watu hao watahesabiwa wapewe viwanja kule juu maji hayafiki. Wenzake walikata tamaa wakaenda zao, huyu Gilgil, huyu Nakuru, huyu kwao kabisa. Kuluthum alikataa. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na mmoja, na kama kuna kitu alichokiweza duniani, ni kushika rejista.

Mkahawa wenyewe ulikuwa wa vioo, wa watu wa kompyuta. Aliketi peke yake kwenye meza ya watu wanne, akaona haya.

"Mathe, nikuletee kahawa gani?" aliuliza mhudumu. Jina lake, Shantel, lilikuwa limeandikwa kifuani.

"Chai."

"Hapa watu wanakunywanga kahawa, mathe."

"Wacha wanywe. Mimi niletee chai ya maziwa, na tangawizi kama iko."

Ilikuwako.

Akapiga mistari kwa rula: namba ya nyumba, jina, idadi ya watu, yupo, hayupo. Akaandika: nyumba ya kwanza, Namalwa, watu wanne. Alipoweka nukta, maji yakatokea chini ya meza. Yalikuwa ya ziwa, rangi ya chai yake, na juu yake lilielea beseni la buluu la Namalwa, lile lenye ufa uliozibwa kwa nta ya mshumaa, alilokuwa akiogeshea watoto akitoka shamba la maua.

Shantel akaja na ndoo na kitambaa cha deki. "Haya yanatoka wapi?"

"Kihoto."

"Sawa. Inua miguu kidogo."

Nyumba ya pili, Bethwel, fundi wa baiskeli. Zikaja tyubu tatu na kibao chake cha kukalia. Nyumba ya tatu, Dualeh, muuza maziwa. Ikaja mitungi yake ya manjano, mitupu, ikigongana. Maji yakafika vifundoni. Wateja wakapandisha mikoba mezani wakaendelea na kazi. Meneja alitoka jikoni, akatazama, akasema nyaya zote za umeme zinyanyuliwe, akarudi jikoni. Nje barabara ilikuwa kavu, vumbi tupu.

Sasa nisimsingizie mtu: Kuluthum hakujali sana hayo maji. Kila alipomaliza jina alitazama mlangoni. Alikuwa anatumaini kwamba baada ya beseni atakuja mwenye beseni, avute kiti, aseme hii chai ina sukari nyingi mno. Vyombo vilikuja. Wenyewe hawakuja. Siku ya pili alimpigia Namalwa, akaambiwa mteja hapatikani. Bethwel alishika simu. "Mwalimu, nyumba imezama, unaandikia nani? Wachana na hiyo maneno," akasema, na kukawa na kelele za nyundo, akakata.

Kufikia Alhamisi maji yalikuwa magotini. Soja wa mlangoni alianza kugawa gambuti, na anayeondoka alizirudisha. Kitanda cha nyumba ya sita kilikwama kati ya kaunta na choo, watu wakawa wanakizunguka. Ijumaa asubuhi Kuluthum akaandika nyumba ya tisa: Kuluthum, mtu mmoja. Maji yakapanda kiunoni.

Saa tisa alasiri akaja Bwana Kabiru kukagua rejista. Alivua viatu, akafunga kamba zake pamoja, akavitundika shingoni, akaja hadi mezani akisukuma beseni la Namalwa kwa mkono. Aliagiza kapuchino.

"Mwalimu, hawa watu wako wapi?" akauliza akipekua daftari.

"Walihama. Nyumba zimezama."

"Mimi sioni nyumba."

"Hapo umeegemea kabati la nyumba ya saba."

Aligeuka, akalitazama, akaondoa kiwiko, akafuta mkono wa koti kwa leso. "Hili ni kabati. Kabati si nyumba." Akanywa kahawa. "Lakini sikatai. Ita majina. Nikisikia mtu ameitika, nitamhesabu."

Kuluthum alisimama, kama alivyozoea darasani.

"Namalwa."

Akasubiri kwa muda ule ambao mwalimu humpa mtoto anayekimbia kutoka langoni. Beseni lilizunguka mara moja. Akatia alama: hayupo.

"Bethwel."

"Dualeh."

Aliita yote manane. Watu wa kompyuta walifunga kompyuta zao kwa heshima. Kila jina alilisubiri sawasawa, hakumpunja hata mmoja. Alipofika la tisa hapakuwa na wa kumwita, akajiita mwenyewe.

"Kuluthum."

"Nipo," akajibu, akatia alama.

Bwana Kabiru alitikisa kichwa polepole, kwa huruma hasa. "Mtu mmoja si mtaa, mwalimu." Akatoa kalamu, akaandika neno moja kukata mistari yote tisa: Ziwa. Akapiga muhuri, akaupuliza ukauke, akamaliza kahawa, akaondoka na maji yakimfika kiunoni. Mlangoni alilalamika kwamba suruali imelowa, soja akampa pole.

Kuluthum alilia kidogo, akajifuta, akalipia chai.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, alirudi. Maji yalikuwa yamefika kifuani na ile meza ya watu wanne ilikuwa imeanza kuelea. Shantel alikuwa ameifunga kwa kamba dirishani, na chai ilikuwa tayari juu yake, yenye tangawizi.

"Inazunguka kidogo, mathe," akasema.

"Nimezoea."

Akafungua ukurasa mpya, akapiga mistari, akaita jina la kwanza, akasubiri.