Nifunge Vifungo

Nyinyi wenzangu mnaouguza mtu wa dripu za saratani, mkisikia anasema vidole vinawaka moto au vimekufa ganzi, msinyamaze. Mimi nilinyamazishwa.

Binti yangu ni msusi. Mtaani wanamwita Mikono, maana akikushika kichwa unasinzia. Dripu alizianza vizuri tu. Baadaye nikamwona anaingia ndani na ndala mguu mmoja, nyingine imebaki mlangoni, wala hana habari. Saluni nako mteja akajitazama kwenye kioo.

"Mikono, leo umenisuka au umenifunga mzigo?"

Akacheka naye. Nyumbani akalia.

"Mama, nywele sizisikii. Ni kama nimevaa soksi mikononi."

"Tumwambie nesi."

"Thubutu! Watanipunguzia dawa, uvimbe urudi. Niapie hutasema neno, la sivyo kliniki siendi tena."

Nikaapa. Namjua, kichwa kigumu kama marehemu baba yake.

Basi nikabanwa. Nikisema, namwona kaburini. Nisiposema, namwona amekaa saluni mikono mapajani, wenzake wanasuka. Chumba chetu ni kimoja, kitanda kimoja. Hata kuhema nilihemea ukutani asije akaniuliza nina nini. Maji yake ya kuoga nilitangulia kuyapima kwa kiwiko changu, maana angeungua asijue.

Siku ya dripu nesi akauliza kama kawaida yake, "Vidole vya mikono na miguu vipi, dada?"

"Vizima kabisa."

Nesi akainamia kalamu yake. Mwanangu akanikazia macho. Nilitamani ukuta unimeze. Mara nikajikuta nafungua vifungo vya blauzi yangu, kimoja kimoja.

"We mama, vipi tena?" nesi akashangaa. "Mgonjwa si ni huyu?"

"Mwanangu, nifunge vifungo."

Angeweza kunitafuna. Akakishika cha kwanza, kikamponyoka. Akakishika tena. Akakitafuta kwa macho, vidole vinapapasa pembeni kama vya mtu mwingine. Nesi akaweka kalamu chini.

"Tangu lini, dada?"

"Umeniuza, mama."

"Sijasema neno."

Daktari hakukatisha matibabu kama tulivyoogopa. Kuna dawa moja iliyokuwa inaumiza mishipa ya fahamu. Hiyo ndiyo aliyoipunguza, nyingine zikaendelea. Ila alisema angeambiwa ganzi ilipoanza, angewahi. Sasa huenda vidole vikarudi, huenda visirudi vyote, hakuna wa kutuahidi.

Saluni hajarudi. Kunisemesha, ananisemesha la lazima tu. Lakini kila asubuhi nasimama mbele yake na blauzi wazi, naye anafunga, anasonya, anafunga. Cha shingoni bado kinamshinda. Mimi mwenyewe sikigusi. Naenda sokoni hivyo hivyo, na anayetaka kucheka acheke.